Benchi la Wanaoona

Tangu habari za jicho langu zienee, watu wenye ugonjwa wa sukari hunijia nyumbani Buhembe, wengine kutoka mbali, na karibu wote huniuliza habari za sindano. Inauma? Nitachomwa mpaka lini? Ukisafiri unaichemshia wapi? Nawajibu. Halafu nawauliza mimi: macho yako yametazamwa lini? Hapo hunishangaa. "Macho yangu mazima, Mwalimu. Naona mpaka ng'ambo ya bonde." Mimi pia nilikuwa naona mpaka ng'ambo ya bonde. Kwa ajili yao nimeamua kuandika, maana kila ninapolisimulia jambo hili kwa mdomo najikuta nagombana na watu ambao hawapo chumbani.

Ugonjwa ulinipata nikiwa kidato cha tatu, shule ya bweni. Nilikunywa maji bila kukata kiu, nikaamka kukojoa mara nyingi hadi wenzangu wakakihamishia kitanda changu karibu na mlango. Suruali ikaanza kunivuka. Nililazwa, nikachomwa sindano, nikafufuka. Sina neno jingine la kulitaja jambo lile. Sista aliyeendesha kliniki ya sukari alinifundisha kuchemsha bomba la kioo katika sufuria isiyopikiwa kitu kingine, kutunza dawa ndani ya chungu kilichozungushiwa kitambaa kibichi, na kupima mkojo kila asubuhi kwa kuuchemsha pamoja na dawa ya buluu. Ikibaki buluu, nashukuru. Ikiwa kijani, nawaza. Ikigeuka rangi ya tofali, siku yote imeharibika, nami naanza kukagua kila nilichokula tangu juzi kama askari anayepekua mizigo.

Nyumbani kwetu Izimbya ugonjwa huu haukueleweka. Mama alilia alipoambiwa nisinywe tena omuramba, maji matamu ya ndizi mbivu ambayo kila nyumba huwakaribishia wageni. "Mtoto wa Kihaya asiyeonja omuramba, nitamweleza nani?" Nilipokataa kibuyu kwa watu, walisema Dar es Salaam, nilikokuwa nasoma Chuo Kikuu, imeniharibu. Na ile miaka sukari ilipoadimika, watu wakapanga foleni kwenye duka la ushirika tangu alfajiri, nikawa kichekesho cha kijiji. Balozi wetu wa nyumba kumi aliponiona napita alipaza sauti: "Ninyi wasomi mmezidi! Sukari yetu sote mmejigawia, tena mmeificha kwenye damu tusiione!" Foleni nzima ilicheka. Nami nilicheka. Kisha kwa wiki nzima nikawaza kama alikuwa anatania au ananionya.

Nilipomaliza Chuo Kikuu nilipangiwa kufundisha historia na siasa katika shule ya sekondari hapa Bukoba. Nikamrudia Sista wangu, aliyekuwa ameshazeeka. Aliupima mkojo wangu, akanipima uzito, akanitazama nyayo, kisha akaniambia maneno ambayo nayakumbuka hadi leo.

"Evodi, huu ugonjwa huanza nyuma ya jicho, mahali ambapo mwenyewe huwezi kupajua. Siku utakayoona dalili utakuwa umechelewa. Kila mwaka daktari wa macho akuwekee matone, mboni ifunguke, atazame ndani."

"Hata kama naona vizuri?"

"Hasa kama unaona vizuri."

Mtu wa kawaida angesikia hayo akangoja siku ya kliniki. Mimi nilianza kujipima. Kila asubuhi nilifunika jicho moja kwa kiganja nikasoma kalenda ya ukutani, kisha nikafunika la pili. Herufi zilipokuwa wazi nilijiambia kwamba huenda nimezikariri tu. Nikahama kwenye kalenda nikaja kwenye gazeti, na kwenye gazeti nikachagua matangazo yenye herufi ndogo. Nilijua kabisa kwamba Sista amesema kusoma si kipimo, lakini sikuacha.

Daktari wa macho hakuwa wa hapa. Alikuja kwa gari kutoka mbali mara mbili kwa mwaka, karibu na msimu wa senene, wale panzi tunaowala, na tena wakati wa mavuno ya kahawa, akafanya kazi siku chache katika hospitali moja ya misheni upande wa Muleba. Nilikwenda kwa mara ya kwanza wakati wa senene. Baba alinisindikiza, kwa kuwa matone yale humfanya mtu asione vizuri hadi kesho yake au zaidi, na lazima awepo wa kumshika mkono.

Barazani palikuwa na mabenchi mawili. Lililo karibu na mlango lilikuwa la wasioona. La pili, pembeni mwa tangi la maji, lilikuwa la wanaoona: wenye macho mekundu, wenye kuwashwa, wenye kutaka miwani, na mimi. Msaidizi wa daktari, Bwana Novatus, alitoka na koti lake jeupe akatangaza: "Wasioona mbele! Wanaoona mtasubiri!" Kanuni hiyo sikuiona mbaya. Wengi wa benchi la mbele walikuwa na mtoto wa jicho, wamekuja wameshikiwa ncha ya fimbo, wengine wamevuka maji kutoka visiwani. Ungewatazama ungewapisha hata wewe.

Lakini juu ya kanuni ya Bwana Novatus ilikuwepo nyingine ambayo hakuna aliyeitangaza. Kila kipofu aliyefika, saa yoyote, hata kama benchi la mbele lilikwisha kuitwa lote, anayeona alisimama akampa nafasi yake. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Njiani kijana hushuka pembeni mtu mzima apite, kanisani humwachia kiti. Hakuna anayekulazimisha. Watu hukutazama tu, na wewe husimama.

Nilikuwa nimechukua kitabu cha kunipunguzia hofu. Nilisoma tangu asubuhi, au nilijifanya kusoma. Alasiri akaletwa mama mmoja aliyecheleweshwa na lori lililoharibika njiani. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa. Alikaa kati yangu na Baba, akajitaja jina, akauliza majirani zake ni akina nani, nao wakamwambia.

"Kuna kijana hapa anasoma kitabu, Ma Leokadia."

"Anasoma? Huku kwa vipofu?" Aligeuza uso kuelekea nilipo. "Waitu, ndugu zangu, basi huyo ndiye daktari. Hebu nitazame mwanangu, nirudi nyumbani mapema!"

Baraza zima liliangua kicheko. Nilikifunga kitabu, nikakikalia, lakini kila mtu alikuwa ameshajua kwamba macho yangu yanafanya kazi kuliko ya wote pale.

Jua liliposhuka benchi la mbele lilikuwa limekwisha na sisi tumesogezwa huko, nami nilikuwa mwisho wake, mlangoni kabisa. Bwana Novatus alitoa kichwa. "Daktari anamaliza na mmoja wa mwisho, kuanzia kesho ni kupasua tu. Anayefuata?" Anayefuata nilikuwa mimi. Nikahisi mkono wa Baba begani, akaniambia kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, nisimame.

Nilijaribu kufikiri haraka, jambo ambalo sikuwahi kuliweza. Ningesema nini? Kwamba nina ugonjwa ambao hauonekani, ndani ya jicho linaloona, na kwamba kwa ajili hiyo mama huyu arudi gizani kwake miezi mingine? Wiki hiyohiyo nilikuwa nimewafundisha wanafunzi kwamba adui wa ujamaa ni ubinafsi. Na kama kulikuwa na ugonjwa kweli, mbona jana nilisoma matangazo ya herufi ndogo? Nilisimama. Ma Leokadia alinipapasa uso kwa viganja vyote viwili. "Mungu akuzidishie macho, mwanangu," alisema, akaingia. Kesho yake alipasuliwa.

Mara ya pili, wakati wa kahawa, Baba hakuhitaji kuniambia. Niliwapisha wote waliokuja baada yangu, nikaambiwa nije safari ijayo. Safari ijayo gari la daktari halikuja. Walisema petroli haikupatikana. Safari iliyofuata nilipisha tena. Naomba msomaji aelewe jambo hili, kwa sababu ndilo linalonikosesha amani: sikupuuza. Sista alinituma, nami nilikwenda. Nilikwenda kila mara nikakaa mahali pangu, nikatazamwa na kila mtu isipokuwa daktari.

Jicho la kushoto lilikufa darasani. Ulikuwa msimu wa senene tena, madirisha yamefunguliwa. Nilikuwa naandika ubaoni nikaona kitu cheusi chenye miguu kinashuka upande wa kushoto, nikadhani ni senene ameingia. Nikampunga kwa mkono. Hakuondoka. Nikampunga tena, na wanafunzi wakacheka, maana walimwona mwalimu wao anapigana na hewa. Nilipogeuka niwakemee, mdudu aligeuka pamoja nami. Kisha wakaongezeka wengine, kama masizi yanayomwagika, na kabla ya kengele ya chakula upande ule ulikuwa umejaa moshi mwekundu. Halikuuma hata kidogo. Hilo nalo bado linaniudhi. Kitu kikubwa namna ile kilistahili maumivu.

Hospitalini walinipa mafuta ya kupaka, wakasema damu imevuja ndani na kwamba hayo ni mambo ya daktari wa macho, nimngoje. Gari lake halikuja senene ile pia, nikamngoja hadi kahawa. Nililala nimeegemea mito ili damu ishuke. Ikashuka kidogo, ikaniachia mwanga wa dirisha tu, bila dirisha. Nilijifunza upya kumimina chai, maana nilikuwa naimwaga nje ya kikombe. Ngazi ya mwisho ilinidanganya kila siku. Mtu akinijia kushoto nilishtuka kama mwizi. Mwalimu wa hesabu, jirani yangu, alianza kuja kila asubuhi kunivutia dawa kwenye bomba kabla hata sijamwomba, akidai amekuja kuazima kiberiti. Alikuwa na kiberiti chake. Nilimshukuru moyoni, mdomoni nikamlaumu kwa kunichelewesha.

Nyumbani, Baba aliacha kuzungumza nami. Hakuwa amekasirika. Nikifika Izimbya alikwenda migombani, akapogoa majani ambayo alikwisha kuyapogoa. Mama ndiye aliyesema, tena mara moja tu, akiwa anamenya ndizi: "Mnaogopa kuonekana wabaya, baba na mwana. Sasa ona." Baba alikuwa mlangoni. Alisikia, akarudi migombani.

Halafu Ma Leokadia akaja chumbani kwangu Bukoba. Alitembea mwenyewe kutoka kwao, bila fimbo, miwani minene aliyoipata majuzi puani, na furushi la senene wa kukaanga ndani ya jani la mgomba. Alikuwa akiwatembelea watu wote waliomsaidia, na mimi nilikuwa wa kwanza.

"Kumbe wewe ni mwembamba hivi! Sauti yako ilinidanganya. Na huu ukuta, ni nani alikushauri kuupaka rangi ya namna hii?" Alizunguka chumba akitazama kila kitu, hata sufuria ya sindano alifunua. Kisha akafika upande wangu wa kushoto, akaona sikugeuka. Alipitisha mkono mbele ya uso wangu. Macho yake mapya yalijua alichokuwa akitafuta.

Nilimweleza, nikalitaja benchi, sikumficha. Alikaa kitandani.

"Ningejua..." alisema.

"Ungejua ungefanya nini?"

Alifikiri. Mtu mwingine angenijibu upesi jambo la kunituliza.

"Ningeingia vilevile, mwanangu. Nilikuwa sioni."

Nilimchukia kwa muda mrefu kwa ajili ya jibu lile. Siku hizi nalirudia mwenyewe mara kwa mara. Senene wake niliwala wote baada ya yeye kuondoka. Walikuwa wameiva vizuri, na chumvi ilikuwa sawa.

Wakati wa kahawa daktari alikuja. Nilikwenda Muleba na Baba, ambaye alivaa koti lake la kanisani. Nilijua ninachotaka: jicho la kulia litazamwe siku hiyo. Nilikuwa nimeanza kuota nyuzi nyeusi upande wa kulia, na nikiamka sikuweza kuamua kama ni ndoto au ndiyo yenyewe. Sikuchukua kitabu. Nikaenda moja kwa moja kwenye benchi la mbele.

Bwana Novatus alinitazama, akafunika jicho langu la kulia kwa kiganja, akalifunika la kushoto. "Ndugu Mwalimu, wewe bado unalo moja. Nenda kule." Nikarudi kwenye benchi la wanaoona, pembeni mwa tangi la maji.

Siku ilikwenda kama zile nyingine. Tulisogea, wakaja watu, vijana wakasimama. Mimi sikusimama. Niliinamisha kichwa nikahesabu vifundo vya mbao za benchi. Alasiri nilifika mlangoni, na hapo ndipo akaletwa mzee mmoja, kanzu imejaa vumbi la njia, mkewe akimwongoza kwa fimbo. Walikuwa wametembea tangu usiku. Mzee alipapasa ukuta, akapapasa tangi, akasimama mbele yangu akisikiliza. Benchi lote likanigeukia.

Bwana Novatus akatoa kichwa. "Daktari anamaliza na mmoja wa mwisho." Akamwona mzee. "Mwalimu, mpishe mzee."

"Sisimami."

"Umesemaje?"

"Ni zamu yangu. Nimekuwa hapa tangu asubuhi. Nimekuwa hapa kwa mwaka wa tatu sasa."

"Ndugu, huyu mzee haoni kabisa!"

"Nami nataka niendelee kuona," nilisema, na sauti yangu ikatoka nyembamba, ya kitoto, si kama nilivyoifanyia mazoezi.

Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema, "Na huyu ndiye anawafundisha watoto wetu." Mwingine akaguna. Miguu yangu ilitaka kusimama yenyewe. Niliishikilia kwa mikono. Nikangoja mkono wa Baba begani.

Baba alisimama yeye. Alimshika mzee mkono, akamkalisha mahali pake, akamwekea fimbo katikati ya magoti. Kisha akajisimamisha, na lile koti lake la kanisani, kati yangu na Bwana Novatus.

"Huyu nilimsimamisha mimi mara ya kwanza," alisema. "Inatosha. Ataingia."

Niliingia. Niliwekewa matone, nikasubiri katika chumba cha giza hadi mboni ikafunguka na kila kitu kikawa ukungu. Daktari alikuja na kijitochi chake, akasogea hadi nikasikia pumzi yake shavuni, akatazama ndani ya jicho kwa muda mrefu. Mwanga wake haukuwa mkali kama nilivyouogopa. Kazi yenyewe niliyoikosa mara zote zile ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha bomba la sindano.

Alisema jicho la kushoto limekwisha. La kulia lilikuwa limeanza, mishipa midogo imeanza kuvuja, lakini bado lingeweza kuzuiwa ikiwa ningekwenda mara moja kwenye hospitali kubwa upande wa pili wa nchi, yenye mashine ya kuchoma kwa mwanga.

"Kwa nini hukuja mapema?" aliuliza.

"Nilikuja, Daktari."

Alidhani sikukielewa Kiswahili chake. Akarudia swali polepole, neno moja moja.

Nilisafiri kwa meli hadi Mwanza na kuendelea, nikachomwa mwanga ule mara kadhaa, na jicho la kulia ndilo linaloandika haya. Gizani ni dhaifu, na pembeni halioni vizuri. Kila mwaka narudi barazani kwa Bwana Novatus, nakaa, natazamwa na watu, natazamwa na daktari, narudi nyumbani. Ninyi mnaokuja kuniuliza habari za sindano, hilo ndilo jibu langu. Nendeni mkiwa mnaona, na mkifika msisimame. Sitawadanganya kwamba mtajisikia vizuri.

Siku ile nilitoka chumbani jioni. Jicho moja lilikuwa limekufa na la pili limejaa matone. Baraza lote lilikuwa weupe mtupu, bila mtu hata mmoja. Baba alinishika kiwiko. Nilijua mzee bado yuko pale, kwa sababu nilimsikia Bwana Novatus akimweleza mkewe habari za safari ijayo. Nilitaka kupita upesi. Miguu yangu ikagonga miguu ya watu, nikayumba, na mazungumzo yakakatika.

"Nani huyo anatoka?" mzee aliuliza.

Mtu mmoja, labda mgeni aliyefika baadaye, akasema, "Kipofu mmoja, anaongozwa na baba yake."

Nikasikia mzee akiivuta miguu yake chini ya benchi, kisha fimbo yake ikigongagonga sakafuni kuwasogeza majirani zake.

"Mpisheni basi, waitu," alisema. "Kijana wa watu haoni."

Walivuta miguu yao wote. Baba hakuwasahihisha, wala mimi. Tukapita.